Mradi Huanzia Chini ya Sitaha

Orodha ya kazi ilikuwa na mistari sita: kubadilisha vibano viwili vya kushika demani (kamba ya kuongozea tanga), kubadilisha kapi lililopasuka, kukaza bamba la chuma linaloshika waya wa mlingoti upande wa kushoto, kurekebisha rumada ya juu inayobeba usukani, kuziba nyufa za sitaha, kupaka vanishi. Kila mstari ulikuwa na bei yake na jina la mtu wa kuufanya. Chini kabisa paliandikwa muda: Jumamosi na Jumapili.

Ulikuwa mpango mzuri. Walioandika waliizunguka mashua, wakatikisa kila kitu kilichofungwa juu yake, wakapima, wakaulizia bei madukani. Hapakuwa na uzembe wala ulaji, mambo mawili ambayo kwetu ndiyo hulaumiwa kwanza mradi unapokwama. Hata hivyo mpango ulianza kubomoka saa ya kwanza ya kazi, na namna ulivyobomoka ina la kuwafunza wote wanaoketi mezani kupangia kazi zitakazofanywa na mikono ya wengine.

Mashua yenyewe ni dingi ya aina ya Mirror, chombo kidogo cha tanga chenye urefu wa mita 3.3, kilichokuwa kimelazwa miaka mingi chini ya mwembe kando ya hori moja hapa Mombasa. Tulitaka kukifufua ili vijana wa mtaani wajifunze kusafiri kwa tanga bila kungoja hisani ya mwenye boti. Aina hii ina historia inayomhusu kila mpangaji wa miradi. Mwaka 1962, nchini Uingereza, Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha watu ufundi wa nyumbani, alishirikiana na msanifu wa mashua Jack Holt kubuni chombo ambacho mtu wa kipato cha kawaida angeweza kukiunda mwenyewe. Gazeti la Daily Mirror liliudhamini mradi huo, na ndiko lilikotoka jina, pamoja na matanga yake mekundu. Vipande vya plaiwudi hushonwa pamoja kwa waya wa shaba, kisha maungio hufunikwa kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Kwa wapwani, ambao wazee wao waliunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za nazi, fikra hiyo si ngeni. Mashua zaidi ya 70,000 za aina hii zimeundwa duniani, nyingi na watu ambao hawakuwahi kushika randa kabla ya hapo.

Mradi huo ulistawi kwa sababu waliouwaza walianza na mtu atakayeufanya: ana zana gani, ana nafasi kiasi gani, ataelewa mchoro gani. Hilo ndilo swali ambalo orodha yetu ya mistari sita haikuwa imeliuliza bado.

Parafujo ya kwanza

Parafujo ya kwanza ilikatika kichwa kabla bisibisi haijamaliza nusu mzunguko. Ilikuwa ya shaba ya manjano, lakini pale ilipokatika palikuwa pekundu. Hiyo ni dalili ambayo mafundi wa vyombo wanaijua. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya chumvi huinyonya zinki polepole. Kinachobaki kina umbo la parafujo lakini hakina nguvu yake.

Ya pili ilikuwa ya stenlesi, chuma kinachoaminiwa kuwa hakishiki kutu. Kichwa chake kiling'aa. Ilipotoka, shingo yake, mahali ilipopita ndani ya mbao, ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama njiti. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza juu yake, na utando huo huhitaji hewa ili ujirudishe kila unapokwaruzwa. Ndani ya mbao yenye maji ya chumvi hewa haifiki. Kwa hiyo chuma hudumu pale kinapoonekana na kuoza pale kilipojificha, na ukaguzi wa macho hauwezi kuligundua hilo hata ukirudiwa mara ngapi.

Kisha tukafika kwenye mbao. Tulipoondoa kibano, ncha ya bisibisi ilizama kwenye plaiwudi bila kusukumwa, na maji meusi yakachuruzika. Plaiwudi ni tabaka za mbao zilizogandishwa pamoja, nyuzi za tabaka moja zikikingama na za nyingine. Ukiitoboa, unazikata nyuzi hizo na kuziacha wazi zinywe maji. Siku mashua ni mpya, kuna gundi laini chini ya kila kibano inayozuia maji. Jua huikausha gundi hiyo, ikapasuka. Maji huingia, hulainisha mbao, parafujo hupata nafasi ya kucheza, tundu hupanuka, maji zaidi huingia. Na katika Mirror, chini ya sitaha kuna vyumba vya hewa vilivyofungwa, ndivyo vinavyoifanya ielee hata ikipinduka. Maji yaliyopita kwenye tundu la parafujo yalikuwa yamekaa humo gizani, misimu ya kusi na kaskazi ikipita juu yake.

Basi ikadhihirika kwamba vibano havikuwa vibovu. Vilichokosa ni mahali pa kushikilia. Mistari mitano kati ya sita ilikuwa inaelezea ugonjwa mmoja ulioonekana mahali patano tofauti, na ugonjwa huo haukuandikwa popote.

Hapo ndipo mradi wowote wa ukarabati hufika njia panda. Kulikuwa na njia rahisi, na ilipendekezwa kwa nia njema: kununua parafujo nene zaidi, kuzikaza kwenye matundu yale yale, kupaka vanishi na kumaliza Jumapili jioni kama ilivyopangwa. Orodha ingetiwa alama zote sita. Picha ingepigwa, mashua iking'aa. Kila aliyeahidi kitu angekuwa ametimiza ahadi yake, na upepo wa kwanza wa nguvu ungeling'oa bamba la waya wa mlingoti huku watoto wakiwa katikati ya hori.

Njia hiyo ndiyo inayonitia hofu kila ninapotazama miradi ya umma. Zahanati hubadilishiwa mabati huku kenchi zilizoliwa na mchwa zikiachwa, kwa kuwa kasma ilisema mabati. Barabara huzibwa viraka vya lami huku mtaro ulioziba, ambao ndio unaoichimba, ukibaki ulivyo. Hakuna aliyeiba chochote. Kazi iliyoandikwa imefanywa, na ripoti ni ya kweli neno kwa neno. Kosa limo katika kuamini kwamba orodha iliyoandikwa kabla ya kufungua inajua kilichomo ndani.

Maelekezo ya kopo na jua la Mombasa

Tulichagua kukata. Mbao iliyooza huondolewa hadi ifikiwe mbao kavu na ngumu. Kisha kingo huchongwa mteremko ili kiraka kipate uso mpana wa kushikana na mbao ya zamani. Kanuni ya kawaida ni mteremko wa moja kwa nane: plaiwudi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 40. Shimo dogo likawa dirisha.

Plaiwudi ya kiraka ilileta swali lake. Ile ya baharini hutengenezwa kwa kiwango kinachojulikana, BS 1088, kwa gundi isiyoachia kwenye maji. Dukani kila ubao huitwa wa baharini. Dawa tuliyotumia ni ya zamani na haihitaji maabara: kata kipande kidogo, kiweke kwenye sufuria, kichemshe kwa saa kadhaa. Kipande cha duka la kwanza kilifunguka tabaka kwa tabaka. Cha duka la pili, kilichogharimu zaidi, kilitoka kimebadilika rangi tu. Bei iliyokuwa kwenye mpango ilikuwa ya ubao wa kwanza.

Halafu ikaja epoksi, gundi ya makopo mawili yanayochanganywa. Karatasi yake ya maelekezo ilitoa dakika za kufanyia kazi kabla haijaganda, na hesabu hiyo ilifanywa kwa nyuzijoto za chumba cha nchi ya baridi. Epoksi inapoganda hutoa joto, na joto huiharakisha. Kwa kadirio la mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda wake karibu kwa nusu. Ukichanganya kikombe kizima adhuhuri ya mwezi wa pili hapa Mombasa, kikombe kitafuka moshi mkononi na kuganda kabla brashi haijafika kwenye mbao.

Karatasi haikusema uongo. Iliandikwa mahali pengine tu. Kazi ilisonga mara tulipoacha kuifuata kwa saa na kuanza kuifuata kwa maana yake: kuchanganya kidogo kidogo, kumimina kwenye sinia pana badala ya kikombe kirefu ili joto litawanyike, na kufanya kazi alasiri, jua likianza kushuka. Alasiri ina faida nyingine ambayo karatasi haikuitaja. Asubuhi mbao hupata joto, hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka, ikiacha vipovu katika epoksi. Jioni mbao hupoa, hewa hunywea, na epoksi hufyonzwa ndani ya nyuzi. Kazi ile ile na kopo lile lile huzaa kiraka kibaya au kizuri kulingana na upande gani wa siku umeifanya.

Naamini sehemu kubwa ya tunachokiita kushindwa kwa utekelezaji ni jambo la aina hii. Mwongozo umesafiri, lakini hali ya hewa, masoko na saa za watu havikusafiri nao. Mtu wa hapa anapoubadilisha, huonekana ameukiuka, wakati kwa kweli ndiye aliyeutekeleza.

Pamba na mafuta

Aliyetuokoa mara nyingi ni mzee mmoja fundi wa mashua, mzaliwa wa Pate, ambaye hakuwahi kuifanyia kazi Mirror hata moja. Alikuja kuangalia, akaketi juu ya gogo, akaomba aonyeshwe matundu. Baadaye, kwenye kazi yake mwenyewe pale jirani, vijana walimwona akizungusha uzi wa pamba uliolowekwa mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuupigilia kwenye ubao wa mashua.

"Babu, hiyo pamba ya nini?" kijana mmoja akamuuliza.

"Maji hayabishi hodi, mjukuu wangu. Ukiyaachia mwanya yanaingia, na yakishaingia hayatoki."

Pamba ikibanwa na kichwa cha msumari hujaza mwanya wote unaozunguka shingo yake. Ikilowa huvimba na kubana zaidi. Vitabu vya kisasa vya ukarabati wa dingi vinafundisha jambo hilo hilo kwa vifaa vingine: toboa tundu kubwa kuliko boliti, lijaze epoksi, ikishakauka litoboe upya katikati, ili boliti ipite ndani ya epoksi na isiguse mbao kabisa. Kisha panua mdomo wa tundu kidogo, utie gundi laini, na unapokaza, gundi hiyo ibaki imeizunguka shingo kama pete. Pale ambapo bomba la kitaalamu la gundi hiyo halikupatikana, vijana walishajua wanatafuta nini, kwa sababu walishaona kazi yake ikifanywa na uzi wa senti chache. Anayeelewa sababu hakwami anapokosa kifaa.

Mzee ndiye aliyetatua pia suala la boliti. Zile za zamani zilikuwa na uzi wa kipimo cha inchi, mfumo ambao chanzo chake ni viwango vya mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth vya mwaka 1841. Maduka yetu ya vyuma yanauza za milimita. Nati ya milimita huingia mizunguko miwili mitatu kwenye boliti ya inchi, ikakwama. Mpango ulisema tuagize zinazofanana na za awali kutoka Uingereza. Mzee akauliza: zikikatika tena mwakani, mtaagiza tena? Tukazing'oa zote, tukaweka boliti za milimita 6 kila mahali palipofaa, ili spana namba 10 ifungue karibu kila kitu juu ya sitaha. Vibano vilivyokosekana aliwaonyesha vijana kuvichonga kwa mbambakofi, kipande kimoja chenye pembe mbili za kuzungushia kamba. Chini ya kila boliti, ndani, tuliweka kibamba cha plaiwudi ili mzigo usambae badala ya kukaa kwenye tundu moja. Na ili mikono ifike huko chini, tulikata vifuniko vya ukaguzi kwenye vyumba vya hewa. Vifuniko hivyo havikuwamo kwenye orodha. Naviona ndiyo kazi bora kuliko zote tulizoifanyia mashua hiyo, kwa kuwa atakayekuja baada yetu hatalazimika kukisia.

Spana moja ya Kwale

Spana moja si fikra mpya kwetu. Ng'ambo ya Likoni, katika Kwale, miaka ya 1980 kulifanyika majaribio ya pampu ya maji ya mkono iliyokuja kuitwa Afridev, iliyobuniwa kupitia kazi zilizofanywa Malawi na Kenya chini ya mradi wa Benki ya Dunia na UNDP. Ilikuwa katika muongo wa kimataifa wa maji, 1981 hadi 1990, na visima vingi vilikuwa vikichimbwa. Tatizo lilikuwa lile la parafujo zetu. Pampu za awali zilikuwa madhubuti kwa kuonekana, lakini zilipoharibika kijiji kilingoja gari, winchi na fundi kutoka mbali, na wanawake wakarudi kwenye madimbwi.

Wabunifu wa Afridev walianza na siku ya kuharibika. Bomba lake la ndani lina upana wa kutosha kuivuta pistoni na vali ya chini hadi juu bila kung'oa bomba zima. Fani zake za plastiki hubadilishwa kwa mkono. Spana moja inatosha. Kwale, kwa ushirikiano na KWAHO, shirika la Kenya la maji kwa afya, wanawake wa vijijini walifundishwa kuzitunza, na kamati za wenyeji zikakabidhiwa dhamana.

Hata hivyo ubunifu mzuri peke yake haukutosha, na hili lazima lisemwe kwa uzito ule ule. Mwaka 2009 RWSN, mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, ulikadiria kwamba asilimia 36 hivi ya pampu za mkono katika nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara hazikuwa zikifanya kazi. Spana ilikuwepo, lakini mara nyingi hapakuwa na kipuri, au na fedha, au na mtu ambaye ni kazi yake kuja. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walijaribu njia nyingine huko Kyuso, Kitui. Waliweka ndani ya mpini wa pampu kifaa kinachopeleka taarifa za matumizi kwa mtandao wa simu, na wakawapo mafundi wa kuitikia. Wastani wa siku ambazo pampu ilikaa mbovu ulishuka kutoka takriban 27 hadi chini ya 3. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma iitwayo FundiFix, ambayo imefanya kazi Kitui na Kwale, ikilipwa ili pampu zifanye kazi na si ili zifungwe tu.

Kutoka Kwale hadi kwenye hori letu umbali ni mfupi, na funzo ni lile lile. Kwanza kifaa kiwe kinafunguka. Pili, pawepo mtu mwenye sababu ya kukifungua.

Mpango ulioandikwa upya

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Katika miradi, nyenzo ya kwanza ni kupewa ruhusa ya kufungua kabla ya kuahidi. Ningependa kuona kila mradi wa ukarabati, uwe wa dingi au wa daraja, ukigawanywa mara mbili: fedha kidogo za awali za kufungua, kung'oa, kupima na kuandika kilichopatikana, halafu bajeti ya pili itokane na hayo. Wafadhili wengi huogopa utaratibu huu kwa kuwa hawajui jumla mapema. Lakini jumla inayojulikana mapema, kabla mbao haijaonekana, ni makisio yaliyovaa suti ya hesabu.

Ningependa pia fundi aketi mezani siku mpango unapoandikwa, na jina lake liwemo miongoni mwa wenye mamlaka ya kuubadilisha. Hapa kwetu fundi huitwa mpango ukishapitishwa, akapewa karatasi na tarehe. Akigundua kwamba karatasi imekosea, analo chaguo la kunyamaza au la kuonekana mkaidi. Wengi hunyamaza, na ukimya huo ndio unaolipiwa baadaye.

Mwisho, utunzaji uandikwe kama kazi, wenye mtu na wenye fedha. Mashua yetu sasa ina daftari lake. Kila boliti imechorwa mahali pake, pamoja na urefu wake na kilichopo chini yake. Baada ya kila safari vijana huiosha sitaha kwa maji baridi, kwa sababu chumvi iliyokauka huvuta unyevu tena. Kila mwaka, kabla kaskazi haijatulia, hufungua vifuniko, hupitisha mkono ndani, na kung'oa boliti kadhaa kuangalia shingo zake. Wanaojifunza tanga huanza na kazi hiyo, kabla ya kuruhusiwa kushika usukani. Baadhi yao sasa huitwa na wavuvi wa jirani kutazama rumada na makapi ya mashua zao, na hulipwa. Hakuna mstari wowote wa orodha ya kwanza uliotarajia hilo.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko Jumamosi na Jumapili, na gharama ilizidi. Sioni haya kuandika hivyo, kwa sababu mashua iko majini na kila kitu kilichofungwa juu yake kimeshikamana na mbao nzima. Anayetoa fedha za mradi ana haki ya kuuliza utakamilika lini. Na aulize pia nani ataufungua siku utakapolegea, kwa spana gani, na kwa malipo ya nani.